Kambi ya macho ya kanisa: namna ya kuiandaa mnapopokea wageni wa kujitolea kutoka ng'ambo

Sharika na parokia nyingi za Tanzania zina marafiki wa imani ng'ambo. Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na Sinodi ya Saint Paul, Minnesota, Marekani, wameuita uhusiano wao Bega kwa Bega. Kwingine rafiki ni parokia ya Italia, usharika wa Ujerumani au kanisa la Korea. Siku moja barua huja: tunafika Julai, watu kumi na wawili, wiki mbili, tunataka kutumika. Wengi huishia kupewa kazi ya kupaka rangi darasa, kazi ambayo fundi wa hapohapo kijijini angeifanya vizuri zaidi na kupata riziki yake. Kambi ya macho inawafaa zaidi. Haitaki umeme mwingi wala shehena ya dawa, na mama wa miaka hamsini akipata miwani ya kusomea leo, leo hii anatunga uzi kwenye sindano.

Kambi hiyohiyo ikiandaliwa ovyo huacha majeraha. Wagonjwa hugunduliwa wana mtoto wa jicho kisha hawaoni tena daktari, wengine huondoka na matone ya macho yanayowadhuru, na wazee huenda na miwani ya mtu mwingine. Kwa hiyo mwongozo huu tumewaandikia ninyi kamati ya wenyeji, si wageni. Wao watapanda ndege, ninyi mtabaki na daftari. Kazi yote ipimeni kwa swali moja: kati ya walioandikiwa rufaa, wangapi walifika hospitali?

Anzeni hospitalini

Kabla hamjawajibu wageni, wajumbe wawili wa kamati waende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa mratibu wa huduma za macho wa wilaya. Waulize hospitali gani ya karibu inafanya upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari wa macho anapatikana siku zipi, anaweza kupokea wagonjwa wangapi kwa wiki na kwa gharama gani, na kama kuna kambi nyingine iliyopangwa miezi hiyohiyo.

Idadi atakayowatajia daktari ndiyo inayoamua ukubwa wa kambi, wala si idadi ya wageni au ya miwani waliyonayo. Hospitali ikiwa na nafasi 10 kwa wiki na ninyi mkapima watu 1,000, mtakuwa mmewaonyesha watu ugonjwa wao na kuwaacha nao. Mzee aliyeambiwa ana mtoto wa jicho, akasubiri simu isiyopigwa, kambi ijayo haji, na majirani zake nao hawaji.

Kama hamjui pa kuanzia, Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, iliyoundwa mwaka 1992 na Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, inazifahamu hospitali za makanisa na wataalamu wake. Hospitali za rufaa zenye idara za macho, kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, zote zilizofunguliwa 1971, huwa na utaratibu wake wa huduma za mkoba. Mara nyingi ni rahisi kuwaunganisha wageni wenu na utaratibu huo kuliko kuanzisha wenu.

Hesabu zote zilizomo humu ni za kambi ya siku 2, watu 200 kwa siku, na nafasi 30 za upasuaji ambazo hospitali imezikubali kwa maandishi. Kambi yenu ikiwa kubwa au ndogo zaidi, badilisheni kwa uwiano.

Vibali

Anzeni miezi sita kabla. Visa ya utalii hairuhusu kufanya kazi, hata kazi ya kujitolea isiyo na malipo, na mgeni anayekutwa kwenye meza ya kupimia akiwa na visa hiyo anawaingiza matatani yeye na kanisa. Kwa ziara fupi kuna kibali cha kazi ya muda mfupi, ambacho maofisa wa Uhamiaji hukiita CTA. Hakizidi miezi mitatu. Anayekuja kukaa muda mrefu huomba kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha wamisionari na watu wa kujitolea. Mwenyeji ni kanisa, hivyo andaeni barua ya mwaliko, cheti cha usajili wa kanisa au taasisi, nakala za pasipoti na ratiba ya kazi siku kwa siku. Ada hubadilika, kwa hiyo zitazameni kwenye tovuti ya Uhamiaji wiki ileile mnayoomba.

Kila mtaalamu wa afya anahitaji usajili wa muda wa baraza lake hapa nchini: daktari kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na mtaalamu wa optometria, yaani wa kupima macho kwa ajili ya miwani, kwa baraza linalosimamia taaluma yake. Waambieni mapema watume vyeti, leseni hai, na barua kutoka baraza la kwao inayothibitisha kwamba hawana shauri la kinidhamu. Barua hiyo ndiyo huchelewa kuliko zote. Mwanafunzi wa udaktari asiyeruhusiwa kutibu kwao asitibu kwenu. Mpeni kazi ya kuandikisha au kupima uoni.

Dawa haziingii nchini bila kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hata zikiwa zawadi zilizo ndani ya begi la mtu. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya misaada ya dawa mwaka 1996 na kuirekebisha hadi toleo la 2010. Dawa iwe inahitajika na mpokeaji, iwe kwenye orodha ya dawa muhimu ya nchi, ibakiwe na angalau mwaka mmoja wa matumizi inapofika, na isiwe masalio ya dawa za mgonjwa mwingine. Sababu ipo. Wakati wa vita vya Bosnia na muda mfupi baada yake, 1992 hadi 1996, nchi ile ilirundikiwa misaada ya dawa isiyofaa inayokadiriwa kufikia tani 17,000, ambayo kuiteketeza tu kuligharimu fedha nyingi. Katika kambi ya macho ushauri wetu ni mwepesi zaidi: wageni wasilete dawa kabisa. Dawa chache mtakazohitaji zinapatikana hapa, zina maelezo ambayo mfamasia wenu anayasoma, na zikiisha mgonjwa anajua pa kununua nyingine. Kuhusu miwani na vifaa, waulizeni TMDA na Forodha kabla ya safari, mkiwa na orodha yenye idadi na thamani ya kila kitu.

Wakumbusheni pia kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Wengi hupanga miwani mmojammoja kwenye vifuko vya plastiki. Bahasha za karatasi zinatosha.

Miwani ipi, na mingapi

Wageni wengi hupenda kukusanya miwani iliyotumika kanisani kwao. Kataeni, kwa upole lakini mapema, kabla waumini wao hawajaanza kuileta. Miwani iliyotengenezwa kwa maagizo ilipimwa kwa macho mawili ya mtu mmoja. Jicho la kulia na la kushoto lina nguvu tofauti, lenzi imezungushwa kufuata umbo la jicho lake, na umbali kati ya lenzi unafuata mboni zake. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2012 ulichunguza jozi 275 za miwani iliyokusanywa hivyo. Iliyofaa kutumika tena ilikuwa asilimia 7 tu, na ukijumlisha kuisafisha, kuipima na kuisafirisha, jozi moja iliyofaa iligharimu zaidi ya miwani mipya ya kusomea.

Nunueni mipya, ile iliyo tayari, yenye nguvu sawa pande zote mbili. Ikiwezekana wageni watume fedha, ninyi mnunue kwa wauzaji wa jumla hapa nchini. Mtapata fremu zenye upana unaokaa vizuri puani, na mtu atakayevunja yake atajua kwamba nyingine ipo mjini.

Kwa nini miwani ya kusomea ndiyo iwe mingi? Kuanzia miaka arobaini lenzi ya jicho hupoteza wepesi wake, na vitu vya karibu hufifia. Utafiti uliofanywa Wilaya ya Kongwa, Dodoma, ulikuta karibu watu 62 kati ya 100 wenye miaka 40 na kuendelea wana tatizo hilo. Wanaojitokeza kambini ni wale wanaolalamika tayari, kwa hiyo uwiano wenu huenda ukazidi. Kwa watu 400 wekeni jozi 240, mkizigawa hivi kwa nguvu ya lenzi:

+1.00: jozi 30
+1.50: jozi 50
+2.00: jozi 60
+2.50: jozi 60
+3.00: jozi 30
+3.50: jozi 10

Kambi nyingi huishiwa +2.00 na +2.50 mchana wa siku ya kwanza, na hapo ndipo kishawishi cha kumpa mtu "iliyo karibu karibu" kinapoingia. Msikikubali. Mwandikeni jina, nguvu anayohitaji na namba ya simu, kisha mpelekeeni.

Wasioona mbali hawatibiwi kwa miwani ya kubahatisha. Hao, pamoja na watoto wote wenye uoni hafifu, wapimwe na mtaalamu wa optometria, na miwani yao iagizwe kwa vipimo. Macho ya mtoto hujikaza yenyewe na kudanganya kipimo, na miwani isiyo yake inaweza kumharibia masomo. Kama hamna mtu wa kuleta miwani hiyo kijijini baada ya wiki tatu au nne, msianze kupima. Pelekeni majina hospitali.

Je, itolewe bure? Hili litawagawa wajumbe. Maoni yetu ni mchango mdogo, uliopangwa na kamati pamoja na uongozi wa kijiji, na msamaha kwa wale ambao viongozi wa jumuiya na vitongoji wamewaorodhesha mapema, ili mtu asijieleze umaskini wake mbele ya foleni. Fedha hiyo ibaki zahanati kununulia miwani ya miezi ijayo. Kugawa kila kitu bure kwa siku mbili humkausha mjasiriamali wa miwani wa mjini, na yeye ndiye atakayekuwepo mwaka mzima.

Tarehe na mahali

Epukeni masika, Machi hadi Mei, kwa sababu ya barabara, na msimu wa kupanda, kwa sababu watu wako shambani. Baada ya mavuno, Juni hadi Septemba, kunafaa sehemu nyingi. Msiweke kambi ndani ya mwezi wa Ramadhani. Waislamu wengi husita kutiwa matone mchana wakiwa wamefunga, na kambi ya kanisa ni ya kijiji kizima. Ijumaa mchana iacheni wazi. Tangazo lisomwe kanisani, msikitini na kwenye mkutano wa kijiji, na shehe wa mtaa aalikwe siku ya ufunguzi kama mwenyeji mwenzenu.

Shule au zahanati inafaa kuliko jengo la kanisa, kwa sababu kuna watu ambao hawatavuka mlango wa kanisa hata kwa ajili ya macho yao. Mnahitaji kivuli cha watu 60 waliokaa, vyoo viwili, maji ya kunawa na sabuni, maji ya kunywa, chumba kimoja kinachoweza kutiwa giza, na eneo tambarare lenye urefu wa mita 8.

Wakalimani

Tafuteni wakalimani wanane na muwafundishe kwa saa mbili siku moja kabla. Angalau watatu wajue lugha ya wazee wa mahali, kwa sababu bibi wa miaka 75 huenda anakisikia Kiswahili lakini maumivu yake anayaeleza kwa Kigogo, Kihehe au Kisukuma.

Mafunzo yao yana mambo mawili mazito. La kwanza, mkalimani anafasiri, hajibu kwa niaba ya mtu. La pili ni adabu zetu wenyewe. Mzee akiulizwa na mgeni "unaona vizuri sasa?" atasema "naona vizuri, asante sana mwanangu," hata kama haoni. Amefurahi mgeni ametoka mbali, hataki kumvunja moyo. Kwa hiyo msimuulize kama anaona. Mpeni sindano na uzi, au sinia la mchele wenye chuya achague, au Biblia au msahafu kama anasoma, kisha tazameni mikono yake.

Wageni nao wafundisheni kuamkia. "Shikamoo" kwa kila aliyewazidi umri, mkono wa kulia, kisha wasubiri "marahaba" kabla ya kugusa uso wa mtu. Hilo huchukua sekunde nne na huokoa dakika kumi za woga.

Vituo vya kupimia

Foleni iende upande mmoja, bila watu kurudi nyuma wakapishana. Mlangoni watu wawili wagawe namba, 200 na si zaidi. Namba zikiisha, anayefuata apewe namba ya kesho papo hapo. Ahadi ya "subiri tuone" ndiyo huleta msukumano saa kumi jioni. Wenye macho mekundu yanayotoa tongo wakae benchi lao la mbali na waonwe kwanza, maana ugonjwa huo huruka kutoka mtu hadi mtu kwa mikono, kama ulivyoenea Dar es Salaam Januari 2024. Kila mpimaji anawe au ajipake vitakasa mikono kati ya mtu na mtu, na kila miwani ya kujaribia ipanguswe kwa pamba yenye spiriti.

Usajili uchukue jina, umri, kitongoji, simu ya mgonjwa, na simu ya pili ya mtu wa karibu. Hiyo simu ya pili ndiyo nguzo ya rufaa, kwa hiyo isiachwe wazi hata kwa mtu mmoja.

Kisha uoni wa mbali. Tumieni chati ya herufi E inayogeuzwa pande nne, kwa kuwa haihitaji mtu kujua kusoma. Mtu aonyeshe kwa mkono vidole vya E vinaelekea wapi. Umbali ni mita 6 zilizopimwa kwa futi ya fundi, kutoka kwenye chati hadi machoni pa aliyekaa. Choreni mstari wa chokaa, na mguu wa nyuma wa kiti usiuvuke. Chati iangazwe na mwanga wa mchana, isiwe na dirisha nyuma yake, na mtu asilitazame jua.

Kosa linaloharibu kambi nzima bila mtu kujua ni chati iliyochapishwa kutoka intaneti, ambayo mashine imeipunguza ili ienee kwenye karatasi. Ipimeni kwa rula. Kwa chati ya mita 6, herufi ya mstari wa 6/60, yaani ile ambayo jicho zima huiona kutoka mita 60, iwe na kimo cha milimita 87, ya 6/18 milimita 26, ya 6/12 milimita 17 na nusu, na ya 6/6 karibu milimita 9. Zikipungua, watu wazima wa afya wataonekana wagonjwa. Wenye simu janja wanaweza kutumia programu ya Peek Acuity, iliyojaribiwa Kenya, mradi umbali unaotajwa na programu yenyewe ufuatwe.

Pimeni jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto. Jicho jingine lizibwe kwa kiganja, si kwa vidole, kwa sababu watu huchungulia katikati ya vidole, na wala lisibonyezwe, kwa kuwa likibonywa litaona ukungu zamu yake ikifika. Mstari umepita kama amepatia E 4 kati ya 5. Asiyeona hata herufi kubwa apimwe kuhesabu vidole kwa mita 3, kisha mkono unaopunga, kisha mwanga wa tochi.

Aliyeshindwa mstari wa 6/18 kwa jicho lolote apewe kikinga jicho chenye tundu la kama milimita 1.2 achungulie. Akiona vizuri zaidi kupitia tundu, tatizo lake ni la miwani, aende kwa mtaalamu wa optometria. Asipoona vizuri zaidi, huenda kuna ugonjwa wa jicho, naye ni wa daktari. Kifaa hiki ni cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachopunguza rufaa zisizo na sababu.

Mpimaji mzoefu humaliza mtu mmoja kwa dakika 3, kwa hiyo wapimaji wawili hufikia watu 200 ndani ya saa 5 na zaidi kidogo. Wabadilisheni kila baada ya saa mbili, kwa sababu aliyechoka huanza kukubali majibu nusunusu.

Katika chumba chenye giza, mtaalamu wa macho amulike tochi. Mboni nyeupe au ya kijivu kwa mzee kwa kawaida ni mtoto wa jicho. Mboni nyeupe kwa mtoto mdogo, au inayong'aa kama jicho la paka kwenye picha, ni dharura. Inaweza kuwa saratani ya jicho, na mtoto huyo aanze safari ya hospitali ya rufaa wiki hiyohiyo, nauli ikitolewa na kamati bila mjadala. Jicho lenye doa jeupe na maumivu, jicho lililopondwa, na uoni uliopotea ghafla nao hawasubiri.

Mwisho ni kituo cha miwani ya kusomea. Umbali ni sentimita 40, kama anavyoshika kitabu. Anzeni na nguvu inayokaribiana na umri: miaka 40 hadi 44 kwa +1.00, 45 hadi 49 kwa +1.50, 50 hadi 54 kwa +2.00, 55 hadi 59 kwa +2.50, na 60 kuendelea kwa +3.00. Hiyo ni pa kuanzia tu. Mpeni ile dhaifu kuliko zote inayomwezesha kufanya kazi yake. Ikizidi nguvu, atalazimika kukisogeza kitu karibu na pua, kichwa kitauma, na baada ya wiki miwani itakaa kabatini. Ulizeni kazi: fundi cherehani hufanya kazi karibu kuliko mpishi au seremala. Mwambieni aivue anapotembea, kwa sababu itamfifishia mbali na anaweza kujikwaa.

Dawa ambazo hazitoki mezani

Matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, yasigawiwe kambini. Huondoa wekundu haraka na mgonjwa hushukuru, lakini hupandisha presha ya jicho, na kidonda cha kioo cha jicho cha virusi au kuvu huchimbika. Matone ya ganzi yasiondoke mikononi mwa mtaalamu. Matone ya kupanua mboni yatumiwe na daktari tu, akiwa na sababu, kwani uoni hufifia kwa saa kadhaa, na kuna macho ambayo presha yake hupanda ghafla. Mtu wa namna hiyo asipandishwe bodaboda peke yake.

Kuhusu presha ya macho, yaani glakoma, kuweni makini zaidi. Uoni uliokwisha kupotea haurudi, na matone yake hutumika maisha yote. Kumpa mtu chupa ya mwezi mmoja bila kliniki ya kuendelea nayo ni kumpa imani kwamba amepona. Mwandikieni rufaa, na mweleze ndugu yake kwamba hiyo ni safari ya miaka.

Mtoto wa jicho hana tone linalomwondoa. Akiulizwa, kila mkalimani ajibu hivyo.

Rufaa

Hapa ndipo kambi nyingi hukwama. Sababu zinazofanya mgonjwa asifike hospitali zinajulikana: nauli, kukosa wa kumsindikiza, mifugo na wajukuu wa kuachia mtu, na hofu kwamba jicho litatolewa nje. Kila moja ina dawa yake.

Nauli ihesabiwe kabla wageni hawajanunua tiketi. Wagonjwa 30, kila mmoja na msindikizaji, safari tatu: upasuaji, kuangaliwa wiki ya kwanza au ya pili, na kuangaliwa mara ya mwisho wiki ya nne hadi ya sita. Hizo ni nauli 180 za kwenda na kurudi. Kama nauli ni shilingi 10,000, ni shilingi 1,800,000, bila chakula wala malazi. Tiketi moja ya ndege kutoka Marekani mara nyingi haipungui hapo. Waonyesheni wageni hesabu hiyo waziwazi. Wapo watakaoamua wenyewe kuja kumi na mmoja badala ya kumi na wawili, na wengi wa marafiki hawa hushukuru wanapoambiwa ukweli.

Kwa siku ya upasuaji kodini basi dogo, wagonjwa 10 kwa safari pamoja na wasindikizaji, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii awe ndani. Kusafiri kundi huondoa hofu kuliko mahubiri yoyote. Bora zaidi, tafuteni mtu wa jirani aliyekwisha kupasuliwa aje kambini aeleze: upasuaji huchukua nusu saa au chini ya hapo, sindano ya ganzi ni ya jicho tu, na kesho yake bandeji inatolewa. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa gharama katika vituo vya serikali, kwa hiyo barua ya mtendaji wa kijiji iandaliwe kabla ya safari. Wenye bima wabebe kadi zao.

Msimpasue mtu kijijini, hata mgeni wenu akiwa bingwa wa upasuaji. Chumba safi, maji, vifaa vilivyochemshwa na jicho la daktari siku ya pili vyote viko hospitali. Usaha ukiingia ndani ya jicho lililopasuliwa, saa chache za kuchelewa humaliza uoni.

Kuna watu watakaopimwa na kukutwa hawaoni hata mwanga. Kwa kawaida upasuaji hauwasaidii. Waambieni kwa faragha, mkiwa mmekaa, pamoja na ndugu, na msiwaahidi hospitali ya Ulaya.

Sala na picha

Salini asubuhi kabla ya kufungua, na anayetaka kuombewa awe na mahali pake pembeni. Sala isiwe lango la kupita kufikia miwani. Kanuni za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada za 1994, ambazo mashirika mengi ya Kikristo yamezitia saini, zinasema msaada hautolewi ili kueneza msimamo wa dini. Jirani Mwislamu aliyehudumiwa bila sharti atakumbuka nani alimshika mkono.

Picha za wagonjwa zinahitaji ridhaa yao iliyoelezwa kwa lugha wanayoielewa, pamoja na mahali picha zitakapotumika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na habari za afya zinalindwa zaidi. Teueni mpiga picha mmoja. Simu nyingine zibaki mifukoni, na jicho la mtoto lisipigwe picha isipokuwa na daktari kwa ajili ya rufaa.

Baada ya wageni kuondoka

Jioni ya siku ya pili, kabla ya chakula cha kuagana, hesabuni miwani iliyobaki na muikabidhi zahanati kwa maandishi. Daftari la rufaa liwe na nakala mbili, moja kwa mratibu wa macho wa wilaya na moja kwa katibu wa kamati. Wageni wasiondoke na majina ya wagonjwa kwenye kompyuta zao. Takwimu zisizo na majina zinawatosha.

Katibu apige simu siku ya 7, ya 30 na ya 90, na aandike neno moja mbele ya kila jina: amefika, hajafika, au amekataa. Kwa ambaye hajafika, aandike sababu na kumtuma kiongozi wa jumuiya au mwenyekiti wa kitongoji nyumbani kwake, haijalishi ni wa kanisa gani au msikiti gani. Waliopasuliwa jicho moja waulizwe kuhusu la pili, kwa kuwa wengi hungoja miezi kadhaa na husahaulika. Siku ya 90 watumieni marafiki zenu ukurasa mmoja: waliopimwa, waliopewa rufaa, waliofika, wasiofika na kwa nini, na nauli iliyosalia. Barua ya mwaliko wa mwaka unaofuata iandikwe baada ya ukurasa huo kusomwa na pande zote mbili.